Mshauri asipojibu meseji, sili

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, tangu nifiwe na mume naenda kwa mshauri nasaha kila Alhamisi, amenisaidia sana ila sasa nimemzoea kupitiliza, asipojibu meseji sili, yaani hata bei ya gunia nataka nimuulize yeye kwanza. Niache kwenda?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa msiba. Bei ya gunia waulize wenzako wa pale mwaloni bwana, mshauri anajua nini kuhusu dagaa! Ila kuacha ghafla hapana. Hiki kitu kinajulikana siku nyingi, Freud, yule daktari wa mambo ya nafsi kule Vienna, alishakiandikia mwaka 1912, mtu anahamishia kwa mtabibu wake mapenzi na hofu alizokuwa nazo kwa watu wake, so huna wazimu. Mwambie mwenyewe Alhamisi, tena mwanzoni mwa kikao, sio umebakiza dakika mbili ndo uanze kulia. Aliyesomea kazi yake hatashtuka, mtapanga mipaka ya meseji, baadaye mpunguze vikao taratibu. Akikutongoza au akikukataza kuongea na ndugu zako, huyo muache hata leo, tafuta mwingine.