Uso kuwaka baada ya kuanika omena

Pole dada. Umeuliza kama ngozi nyeusi inahitaji kinga ya jua, maana ukianika omena hapo ufukwe wa Dunga, Kisumu, uso unawaka hadi usiku. Inahitaji! Melanini, ile rangi asilia ya ngozi, husaidia, lakini miale ya jua inayopenya huchochea uvimbe na kuzalisha kemikali kali za oksijeni zinazoharibu seli; ndiyo maana madoa meusi hubaki mashavuni. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na mawingu mepesi hayazuii miale hiyo.

Tandaza omena asubuhi, kisha kaa kivulini. Leso kichwani huacha pua na mashavu wazi, kwa hivyo vaa kofia pana. Paka mafuta ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, urudie kila saa mbili. Vaseline haikingi. Na krimu za kujichubua, tafadhali dada, ziache kabisa: zinaipunguzia ngozi kinga yake.