Jean Rouch, yule mtengeneza filamu wa Kifaransa, alisomea nini kabla ya filamu, alikwenda skuli ya filamu?
La, hakwenda skuli ya filamu kabisa, Jean Rouch alikuwa injinia wa barabara na madaraja, akapelekwa Niger 1941 na huko vibarua wake wakapigwa na radi wakafa, akatizama tambiko walilofanyiwa ndo akanasa kwenye mila za Wasonghai, watu wa huko. Ila anthropolojia, yaani elimu ya watu na mila zao, aliisomea baadae Paris kwa mwalimu Marcel Griaule mpaka udaktari, hilo msiliwache. Kamera ndo alijifundishia kazini, stendi ya kamera ilipotelea mto Niger kwenye safari ya 1946-47 basi akawa anaishika mkononi tu na mtindo ukabaki. Mie nafundisha vijana kurikodi ngoma hapa Unguja, kisa hichi huwa naanza nacho kwa wanaodhani bila ya cheti hawawezi.