Seli za mguu wa salamanda hazigeuki kuwa kila kitu
Salamanda aliyekatwa mguu huotesha mwingine, lakini seli zilizobaki kwenye kigutu cha mguu huo hazirudi kuwa seli shina zenye uwezo wa kujenga kila kitu, ingawa maelezo hayo hurudiwa mno. Jambo hili lilipimwa kwa aksolotli, aina ya salamanda aishiye majini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009: tishu moja moja zilitiwa protini inayong'aa kijani, mguu ukakatwa, kisha rangi hiyo ikafuatiliwa katika mguu mpya. Misuli ilizaa misuli, seli zinazofunika neva zilibaki za aina ileile, na ni zile za ngozi ya ndani tu zilizoweza pia kutengeneza gegedu na kano.

Ngozi ya juu hutambaa na kuziba jeraha haraka, na chini yake hukusanyika kivimbe cha seli kiitwacho blastema, ambacho hukumbuka hata mahali kilipotoka. Ndiyo maana mguu uliokatwa kwenye kifundo hurudisha wayo na vidole, wala hauoti paja jingine. Neva nazo ni sharti, kwa kuwa zikiondolewa mapema kigutu hupona tu bila kuota kitu.

Izingatiwe pia kwamba aksolotli kwa kawaida hubaki na umbo la lava, yaani la mtoto wa majini, maisha yake yote, na wale waliogeuzwa kuwa na umbo la mkubwa kwa homoni ya thairoidi huotesha mguu polepole zaidi, mara nyingi ukiwa na kasoro kwenye vidole.