Maswali na Majibu: Kadi ya Linux inapogoma kwenye boksi la TV

SWALI: Nimeandika Armbian (aina ya Linux) kwenye kadi ya memori ya GB 16, nikaichomeka kwenye boksi la TV lenye chipu ya Amlogic na kuwasha. Android inakuja kama kawaida, kana kwamba kadi haipo. Kwenye kompyuta kadi inaonekana. Kosa liko wapi?

JIBU: Huenda kadi ni nzima kabisa, ila hakuna aliyeiuliza kitu.

Kila chipu ina mahali inapoanzia. Boksi la Allwinner, kwa mfano lenye H616, huangalia kadi kwanza, kilobaiti 8 tangu mwanzo wake, ndipo liende kwenye eMMC, yaani hifadhi ya ndani. Likiipita kadi, imeji (faili la mfumo uliloliandika kwenye kadi) ni ya chipu nyingine au haikuandikwa sawasawa. Amlogic kwa kawaida huanzia eMMC, na humo imo u-boot (programu ya kuwashia mfumo) ya mtengenezaji, ambayo haina habari na Linux yako mpaka ipewe amri. Amri hiyo imo kwenye faili la `aml_autoscript` katika patisheni (sehemu) ya kwanza ya kadi, ile ya FAT, inayosomeka kwenye Windows. Fungua kadi kwenye kompyuta uhakikishe faili lipo.

Kisha fanya hivi. Chomoa umeme, chomeka kadi. Kitufe cha riseti mara nyingi kimefichwa ndani kabisa ya tundu la AV. Kibonyeze kwa kijiti cha meno; sindano au waya vinaweza kupiga shoti. Ukisikia "tik", usiachie. Chomeka umeme ukiwa bado umekishikilia, uachie baada ya sekunde 5 hadi 10. Wengi hukosea hapa: wanawasha kwanza, halafu ndipo wanabonyeza. Wakati huo u-boot imeshapita.

Matokeo yenyewe yanakupa jibu. Android ikiwaka moja kwa moja, kitufe hakikushika. Ikitokea menyu ya rikavari (ya kurekebisha Android), kitufe kimeshika lakini mara nyingi maana yake ni kwamba u-boot haikulipata faili au haikuweza kuisoma kadi. Usibonyeze chochote humo, hasa kile cha kufuta data. Andika kadi upya, au jaribu kadi nyingine.

Zoezi hili hufanywa mara moja tu, kwa sababu mpangilio huhifadhiwa ndani ya eMMC. Baadaye kadi ikiwepo itawaka Linux, ukiitoa itawaka Android. Ukisasisha Android, mpangilio unaweza kufutika, nawe utakirudia kijiti chako.

SWALI: Mimi nimevuka hapo. Nembo ya boksi inatokea, kisha kioo kinakuwa cheusi au nembo inaganda. Nimesubiri nusu saa.

JIBU: Nusu saa ni nyingi. Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika chache, kwani mfumo unapanua patisheni ijaze kadi yote. Ikipita dakika 10, kuna tatizo, na mshukiwa wa kwanza ni faili la dtb: ramani inayoieleza keneli, yaani kiini cha Linux, ni vifaa gani vimo ndani ya boksi na vimeunganishwa wapi. Ramani ikiwa ya boksi jingine, keneli inapapasa gizani.

Kwenye patisheni ya FAT, fungua `extlinux/extlinux.conf`. Kama lililopo linaishia na `.template`, ondoa neno hilo. Tafuta mstari wa FDT, unaotaja faili la dtb. Uwe mmoja tu usio na alama ya # mwanzoni, kwa mfano:

`FDT /dtb/amlogic/meson-gxl-s905x-p212.dtb`

Huo ni wa chipu ya S905X. Kwa S905W anza na `meson-gxl-s905w-p281.dtb`. Kwa S912 yapo mawili: `meson-gxm-q200.dtb` kwa boksi lenye intaneti ya waya ya gigabiti, na `q201` kwa lile la megabiti 100. Kwa S905X3 jaribu `meson-sm1-sei610.dtb`. Hakikisha kihariri hakijalihifadhi faili kama `extlinux.conf.txt`, Windows huficha kiambishi hicho, na mtu anaweza kupoteza siku nzima.

Mshukiwa wa pili ni `u-boot.ext`. Katika imeji nyingi za Armbian za Amlogic, faili hili hutengenezwa na wewe mwenyewe: nakili `u-boot-s905x-s912` (kwa S905X na S912) na nakala uipe jina `u-boot.ext`. Nakili, usibadilishe jina la lile la awali. Kwa S905 ya zamani tumia `u-boot-s905`.

Na usiamini kibandiko cha chini ya boksi. Maboksi ya bei nafuu hudanganya kuhusu chipu na RAM bila haya. Maandishi yaliyochorwa juu ya chipu yenyewe ndiyo ya kuaminiwa, hata kama itabidi ufungue skrubu.

SWALI: Linux yangu iliwaka vizuri, lakini baada ya siku mbili tatu inagoma kuandika faili, inasema mfumo ni wa kusoma tu. Kadi imekufa?

JIBU: Kabla ya kuizika, endesha `dmesg | grep mmc`, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli kuhusu kadi. Kosa la `-110` ni kadi kuchelewa kujibu. `-84` ni data kufika imeharibika njiani. Yote mawili yanaweza kuletwa na umeme dhaifu. Adapta iwe ya volti 5 na ampea 2 za kweli, na diski ya USB isilishwe na boksi. Kisha safisha miguu ya kadi, na usitumie kirefusho wala kadi iliyolegea ndani ya adapta yake.

Makosa yakiendelea, ipime kadi kwa programu za `f3write` na `f3read` kwenye kompyuta. Kadi bandia hujitangaza GB 64 ilhali ndani ina 8. Ikijaa hapo, data mpya huanza kupotea au kufunika ya zamani. Kadi ikipita mtihani huo, ukaguzi wa faili ufanyie kwenye kompyuta ya Linux kwa `fsck -f` huku patisheni haijafunguliwa.

SWALI: Kila nikichomeka kadi niliyoandika, Windows inataka kuiformati.

JIBU: Kataa. Windows haijui patisheni ya ext4, ile ya Linux, basi. Lakini ukifungua kadi ukakuta faili moja kubwa la `.img` au `.xz`, ulinakili badala ya kuandika. Tumia balenaEtcher, ambayo pia hukagua ilichoandika.