Kihisi cha unyevu kwa shamba la zabibu

Ndugu mkulima wa Hombolo, umeuliza kwa nini kihisi chako cha unyevu, chenye ncha mbili za chuma zilizo wazi, kinatoa vipimo visivyoaminika baada ya msimu mmoja tu. Kihisi hicho hupitisha umeme moja kwa moja kwenye udongo, hivyo ncha zake huliwa, na chumvi ikizidi huonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Nakushauri kwa dhati utafute kile kinachopima uwezo wa udongo kuhifadhi chaji ya umeme, ambacho vyuma vyake vimefunikwa: kwa kipimo cha uwezo huo (namba tu, isiyo na kizio) maji hufikia takriban 80, ilhali udongo mkavu huwa karibu na 4, ndiyo maana tofauti huonekana wazi. Kizike penye mizizi (si juujuu, tafadhali), kisha ulinganishe namba zake na udongo wako mwenyewe, ukiwa mkavu na ukiwa umelowa.