Hajapoteza sifa, hakuwa nazo

SWALI: Katika habari za uchaguzi nasoma kwamba mgombea "amekosa sifa", "amepoteza sifa", "ameenguliwa", na mahali pengine "hana vigezo". Je, maneno haya yana maana moja?

JIBU: Hayana, na anayeyachanganya anaweza kumsingizia mtu. Nianze na linaloniudhi kuliko yote, "amepoteza sifa".

Mtu hupoteza alichokuwa nacho. Chukua kijana wa miaka 20 aliyechukua fomu ya ubunge Tanzania. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Kijana huyu amepoteza nini? Mwaka jana hakuwa na miaka 21, juzi hakuwa nayo, leo hana. Mwakani atakuwa nayo! Gazeti likiandika kwamba "amepoteza sifa", msomaji anayepita haraka atadhani ameiba, amefungwa, au amefukuzwa chamani. Kijana amekosa sifa, basi. Neno "kukosa" lipo, fupi na safi, linaachwa kwa sababu tu "kupoteza" linasikika zito. Hili silivumilii hata kidogo.

Kupoteza sifa kuna mahali pake. Aliyekuwa anastahili, kisha mahakama ikamtia hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali, huyo kweli amepoteza: uchaguzi mkuu wowote utakaofanyika ndani ya miaka mitano hautamhusu. Hata hapa mwandishi aangalie tarehe na nchi. Kenya, Ibara ya 99 inamzuia anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, lakini hapo hapo inasema hazuiliki mpaka njia zote za rufaa na mapitio zimalizike. Hukumu ikisomwa asubuhi na rufaa ikakatwa mchana, kichwa cha habari cha jioni kinachosema "apoteza sifa" kimekosea lugha na sheria kwa pamoja. Kingesema "ahukumiwa" tu, kingekuwa kweli.

Kupoteza kiti nako ni jambo jingine. Mbunge wa Tanzania asipohudhuria mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika, kinachomtoka ni ubunge.

Sasa "kuenguliwa", neno ninalolipenda. Kuengua ni kazi ya jikoni. Maziwa yakichemka na kutulia, malai hupanda juu, nawe unayatoa taratibu kwa upawa. Basi anayeenguliwa lazima awe ameshaingia chunguni: amerudisha fomu kwa msimamizi wa uchaguzi, kisha akaondolewa kwa pingamizi au kwa kasoro. Mgombea ubunge anahitaji wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa kupiga kura katika jimbo hilo. Akipeleka 25 kamili, na mmoja akagundulika kuwa ameandikishwa jimbo la jirani, wamebaki 24 na fomu ina dosari. Mtu huyo ana umri, ana uraia, ana chama, na bado anaenguliwa. Kwa hiyo "ameenguliwa" peke yake haitoshi, sema ameenguliwa kwa nini. Na aliyekatwa na vikao vya chama chake kabla ya kufika kwa msimamizi hajaenguliwa. Jina lake halikurudi. Watu wanasema hivyo mitaani, na wanasema vizuri.

"Sifa" tumelitoa Kiarabu, nalo ni lile lile la kumsifu mtu: jambo alilo nalo mwenyewe. "Kigezo" ni chetu, kutoka kugeza, yaani kuiga au kulinganisha. Fundi cherehani ana karatasi aliyoichonga, anaiweka juu ya kitambaa na kukata. Hicho ndicho kigezo, na ni cha fundi. Mteja ana kiuno na mabega yake. Vigezo ni vya anayepima, sifa ni za anayepimwa. Kusema mgombea "hana vigezo" ni kumlaumu mteja kwamba hakuja na karatasi ya fundi. "Hajatimiza vigezo" naipitisha, maana imeshazoeleka na haipotoshi mtu.

Kwa kijana wetu wa miaka 20, basi, andika hivi: "Msimamizi amemwengua kwa kukosa sifa ya umri." Na kama hakuwahi kurudisha fomu, futa "amemwengua", andika kwamba hakustahili kugombea.