Epo lina maji kuliko unavyodhani

Keki ya maepo ikitoka na utando mbichi chini, mzito kama ugali uliolala, wa kwanza kulaumiwa ni oveni. Mara nyingi oveni haina kosa. Katika kila gramu 100 za epo, kama 85 ni maji. Menya maepo mawili makubwa, toa mbegu, ukate: una gramu 300 za vipande, na ndani yake robo lita ya maji ambayo hukuihesabu ulipopima unga.

Kazi basi inaanzia sokoni. (Tunasema epo kwa makusudi. Ukiomba tufaa Unguja unaweza kupewa lile tunda jekundu la pwani lenye harufu ya waridi, na hilo halifai kwa keki.) La kijani, Granny Smith, ndilo la kuoka: ni chachu, nyama yake ngumu, na vipande vinabaki vipande hata baada ya saa nzima ya moto. Golden Delicious la njano linafuata. Royal Gala lina utamu wake lakini hulainika upesi, kwa hiyo liweke kwa ajili ya rojo. Red Delicious, lile jekundu linalong'aa, ulile likiwa bichi. Ukilipika linapondeka na ladha inapotea. Mengi tunayonunua Dar es Salaam na Nairobi yametoka Afrika Kusini na yamekaa kwenye baridi muda mrefu, basi lipime mkononi kwanza. Epo zima ni zito kwa ukubwa wake. Lililozeeka ni jepesi, ganda limelegea, na ukiling'ata ni la ungaunga.

Kwa bati la sentimita 20 hadi 22, andaa unga wa ngano gramu 250, sukari 150, mayai 3, mafuta ya alizeti mililita 120, beking poda vijiko 2 vya chai, mdalasini wa unga kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi robo kijiko, na gramu 300 za epo lililomenywa. Maziwa hapana. Epo ndilo maziwa yako.

Kata vipande vya sentimita moja. Vikiwa vikubwa vinazama, vikiwa vidogo vinayeyuka. Chota vijiko viwili vikubwa kutoka kwenye ile sukari, uchanganye na vipande pamoja na kijiko cha chai cha maji ya ndimu, uviache kwenye chujio juu ya bakuli kwa nusu saa. Sukari inavuta maji, ndimu inazuia weusi. Juisi itakayodondoka usiimwage: ichemshe ishikane kama asali nyembamba, utaipaka juu ya keki.

Piga mayai na sukari iliyobaki dakika 5 mpaka yawe meupe, kisha mimina mafuta kidogo kidogo. Chekecha unga na vikavu vyote juu yake, ukunje kwa mwiko, na unga mkavu usipoonekana tena, acha hapo hapo. Ukiendelea kukoroga keki inakuwa ngumu. Mchanganyiko uwe mzito: ukiinua mwiko unaanguka kwa bonge, hautiririki. Nyunyizia vipande kijiko kikubwa cha unga, vitie mwisho.

Oka kwa nyuzi 180, dakika 45 hadi 55, na usifungue mlango kabla ya dakika 35. Kijiti cha kupimia kidanganyifu hapa, kwa sababu kikipita kwenye kipande cha epo kitatoka kimelowa hata kama keki imeiva. Choma sehemu mbili au tatu. Ikiiva, iache kwenye bati dakika 10 tu halafu itoe, la sivyo mvuke unarudi chini na kulowesha kitako.

Wa jiko la mkaa: sufuria nzito, bati juu ya vijiwe vitatu, halafu palia makaa juu ya mfuniko. Theluthi mbili ya moto iwe juu, theluthi moja chini. Wengi hugeuza hesabu hiyo, na sukari ya epo inaungua chini huku juu pakiwa bado pabichi.

Yale maepo ya ungaunga usiyatupe. Kilo moja, toa mbegu, acha ganda, tia maji mililita 100 tu na kijiti cha mdalasini, funika kwa moto mdogo dakika 20, kisha pitisha kwenye chujio. Ganda lina pektini nyingi, nayo ndiyo inayoshikanisha rojo bila sukari. Mbegu usizisage kwenye blenda: zikisagwa hutoa sumu ya sianidi, japo kumeza moja mbili nzima hakudhuru. Rojo hili linaweza kushika nafasi ya nusu ya mafuta ya keki, yaani mililita 60. Ukibadili yote, keki inatafunika kama mpira.

Kuhusu afya, epo la gramu 180 na ganda lake lina kalori kama 95, sukari gramu 19 na nyuzinyuzi zaidi kidogo ya gramu 4. Ukilimenya, nyuzinyuzi zinapungua karibu nusu. Hizo ndizo zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, kwa hiyo mwenye kisukari ni afadhali ale epo zima kuliko kunywa juisi iliyochujwa. Vitamini C ni kidogo. Pera la kawaida linaliacha mbali. Na keki hii ni keki: ikatwe vipande 10, kila kimoja kina gramu 15 za sukari uliyoitia mwenyewe, mbali na ya tunda.

Mtoto wa miezi 6 na kuendelea mpe rojo, laini na bila asali mpaka atimize mwaka. Vipande vibichi vinaweza kumkaba. Rojo likikaa kwenye friji katika chombo safi chenye mfuniko, limalize ndani ya siku 3.